Harage, sarafu au kisanamu: ni keki ipi ya bahati inayofaa meza yako?

Uwapo Paris tarehe 6 Januari, ukiuma kipande cha keki na jino likagonga kitu kigumu, unavikwa taji la karatasi ya dhahabu. Siku hiyohiyo jijini Mexico, ukikuta kitu ndani ya kipande chako umeingia kwenye deni: mwanzoni mwa Februari utawalisha wote waliokuwa mezani. Kule Ireland, usiku wa Oktoba 31, kilichomo kwenye kipande chako kinaweza kuwa kitambaa chakavu, na wenyeji watakwambia mwaka huu utakuwa wa dhiki.

Wengi wanaotaka kuileta desturi hii nyumbani, kanisani au ofisini huanza kwa kuulizia mapishi. Mimi ningeanza kwa kuuliza: anayekiokota kitu hicho anapata nini? Ufalme wa siku moja, wajibu, baraka ya mwaka mzima, au utabiri? Hapo ndipo keki hizi zinapoachana kabisa, na hapo ndipo watu hukosea kuchagua, kwa sababu keki nzuri sana yaweza kuleta mchezo usiowafaa waliokaa mezani.

Kura ilitangulia, keki ikafuata

Athens ya kale ilichagua baadhi ya maofisa wake kwa kura ya maharage. Roma ilikuwa na Saturnalia, sikukuu iliyoanza tarehe 17 Desemba, ambapo mabwana waliwahudumia watumwa wao, kamari iliruhusiwa, na mtu mmoja alipata kwa kura cheo cha mfalme wa karamu. Mwanahistoria Tacitus anasimulia jinsi kura hiyo ilivyomwangukia Nero akiwa kijana. Nero akatumia ufalme wake wa mzaha kumwamuru ndugu yake wa kambo, Britannicus, asimame katikati ya wanywaji aimbe, akitarajia aaibike. Britannicus akaimba juu ya mtu aliyenyang'anywa kiti cha baba yake, na waliokuwepo wakamhurumia. Haukupita muda akauawa kwa sumu. Hata mfalme wa mchezo, kumbe, anaweza kuumiza mtu, na jambo hili tutalirudia tukifika Ireland.

Ulaya ilipoingia Ukristo, majira hayo ya baridi yakapata Epifania, yaani Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari, siku ya kuwakumbuka Mamajusi waliomletea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane. Injili ya Mathayo haisemi walikuwa watatu wala haisemi walikuwa wafalme, ila mapokeo yaliwavika taji mapema. Mfalme wa kura na wafalme wa Epifania wakakutana kwenye keki moja. Hesabu za nyumba ya Edward II wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 14, zinataja tayari zawadi aliyopewa Mfalme wa Harage.

Kwa nini harage? Lilikuwepo kila nyumba, la tajiri na la maskini. Likikaushwa linastahimili tanuri, halitoi harufu, halitoboi unga, na mkataji haoni lilipo. Kwa kazi ya kura, hakuna kilicholishinda mpaka viwanda vya kaure vilipoingia biashara hiyo.

Ukitaka mfalme: Ufaransa, Hispania na Ureno

Ufaransa ina keki mbili kwa sikukuu moja, na muuzaji hatakueleza tofauti usipouliza. Kaskazini, na Ubelgiji pia, wanakula galette des rois: duara bapa la unga uliokunjwa na siagi mara nyingi, kwa namna ya chapati ya kusukuma yenye tabaka, ila siagi ni nyingi zaidi na sharti ibaki baridi muda wote. Ndani huwekwa lozi zilizosagwa, siagi, sukari na mayai. Kusini wanakula mkate mtamu wa hamira uliozungushwa kama taji, wenye harufu ya maji ya maua ya mchungwa na matunda yaliyokaushwa kwa sukari.

Kwa mpishi wa Dar es Salaam au Mombasa, ningesema chukua ya kusini bila kusitasita. Unga wa tabaka huharibika siagi ikiyeyuka, na joto la Januari la pwani halina huruma. Utakuwa unakimbia kwenye friji kila mkunjo mmoja. Unga wa hamira, kinyume chake, unalipenda joto hilo. Ukikosa maji ya maua ya mchungwa, weka iliki na maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa. Aliyeko Brussels au Lille asijisumbue: Januari nzima galette zimejaa madukani na taji la karatasi hutolewa pamoja nayo.

Kinachoipa desturi ya Kifaransa uzito ni namna ya kugawa. Mtoto mdogo kuliko wote huingia chini ya meza. Mkataji anaonyesha kipande na kuuliza, "Hiki cha nani?" Mtoto, asiyeona kitu, anataja jina. Kwa hiyo mkubwa hawezi kujipendelea wala kumpendelea mtu. Zamani kipande kimoja kilibaki bila mwenyewe, kipande cha maskini, akitokea mtu mlangoni apewe. Aliyepata ufalme akiinua gilasi, wote walipaza sauti, "Mfalme anakunywa!" Jacob Jordaens wa Antwerp aliichora karamu hiyo mara kadhaa katika karne ya 17, na mojawapo ya picha hizo iko katika makumbusho ya sanaa ya kifalme mjini Brussels. Nenda kaione kama uko karibu. Mfalme wake ni mzee mnene mwenye furaha, na nusu ya watu wa karamu wamelewa.

Nafasi ya harage ilichukuliwa na visanamu vya kaure katika nusu ya pili ya karne ya 19, vingi vikitoka Saxony, Ujerumani. Baadaye ikaja plastiki. Leo kuna watu wanaovikusanya kwa maelfu, na watengenezaji hutoa mfululizo mpya kila mwaka. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kulikuwa na waliotaka kuifuta sikukuu yenye neno "wafalme". Keki haikufa, ikaitwa keki ya Usawa mpaka kelele zilipopungua. Ikulu ya Élysée nayo, tangu 1975, hupokea kila Januari galette kubwa isiyo na kitu ndani wala taji, kwa sababu rais wa jamhuri hawezi kuonekana akiokota ufalme. Naipenda busara hiyo. Inaonyesha kwamba alama hizi bado zinachukuliwa kwa uzito.

Hispania wameongeza pilipili kwenye mchezo. Roscón de reyes, mkate wa duara wa asubuhi ya Januari 6, una vitu viwili ndani: kisanamu na harage kavu. Mwenye kisanamu anavikwa taji, mwenye harage analipia mkate. Kwa kikundi cha marafiki wanaotaniana, hakuna kinachozidi hapo, maana kila kipande kina matumaini na hofu pamoja. Ureno waliipata yao, bolo rei, kutoka Ufaransa katika karne ya 19. Duka la Confeitaria Nacional la Lisbon, lililofunguliwa 1829, ndilo linalohusishwa na kuileta. Nao walikuwa na harage kwa ajili ya mlipaji na kizawadi kidogo cha chuma kwa ajili ya bahati, ila kizawadi hicho kimeondolewa kwa sababu za usalama.

Ukitaka watu wakutane tena: Mexico na New Orleans

Hapa anayepata anatoa. Rosca de reyes ya Mexico ni mkate mrefu wa mviringo, wenye vipande vya matunda ya rangi juu yake mithili ya vito vya taji, na ndani kuna visanamu kadhaa vya mtoto Yesu. Amefichwa, wanasema, kama alivyofichwa asionwe na Herode aliyetaka kumuua, na wengine huongeza kwamba kisu kinachokata ni hatari ile iliyomwandama. Mwenye kipande chenye mtoto anakuwa kama mzazi wake wa ubatizo, na tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, anawaandalia wenzake tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Wanaojua siri hukata vipande vyembamba mno wakikwepa, na visanamu vikiwa vitatu au vinne, gharama inagawanyika.

Ukiitengeneza, usihangaike na vile vipande vya asili vya mmea uliopikwa kwa sukari vilivyopambia rosca za zamani. Vilitoka kwenye shina la aina moja ya dungusi, mmea wa miiba wa jangwani uitwao biznaga, unaokua polepole sana na sasa unalindwa na sheria za Mexico. Wapishi makini wametumia badala yake tunda lililogandishwa kwa sukari, na hapa kwetu papai au embe lililokaushwa kwa sukari linatosha.

New Orleans wana king cake, na kwao sikukuu haiishii siku moja. Inaanza Januari 6 na kuendelea mpaka Mardi Gras, Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu. Juu yake hunyunyizwa sukari ya rangi tatu: zambarau ya haki, kijani ya imani, dhahabu ya mamlaka, rangi za Rex, chama cha sherehe za Mardi Gras kilichoanza maandamano yake 1872. Mwanzoni walitumia harage au njugu. Chama cha Twelfth Night Revelers, kilichoundwa 1870, kilitumia harage la dhahabu kumpata malkia wa dansi yao. Kichanga cha plastiki kilienezwa na duka la mikate la McKenzie's katikati ya karne ya 20. Anayekipata ananunua keki inayofuata, au anaandaa karamu ya wiki ijayo, na hivyo keki inazunguka toka ofisi hadi ofisi, toka nyumba hadi nyumba, kwa wiki kadhaa.

Kwa kikundi cha akina mama wa vikoba, kwaya, au Watanzania na Wakenya wanaoishi mji mmoja ugenini na kila mara wanaahidiana "tutaonana" bila kuonana, ningechagua hii ya New Orleans. Deni dogo la keki moja linaibeba ahadi. Tahadhari ni moja: hakikisha anayebahatika ana uwezo. Kwenye kikundi chenye watu wa vipato tofauti, kuwalisha watu ishirini si mzaha. Weka visanamu vitatu kama Wamexico, au afadhali uende kwenye sehemu inayofuata.

Ukitaka baraka ya mwaka: Ugiriki, Uingereza, Denmark

Vasilopita ya Wagiriki hukatwa Januari 1, siku ya Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia katika karne ya 4. Masimulizi yake yako hivi: mji ulidaiwa mali na mtawala, watu wakatoa dhahabu na vito walivyokuwa navyo, kisha hatari ikapita na mali ikabaki mikononi mwa askofu. Nani alitoa pete ipi? Hakuna aliyeweza kusema. Basili akaamuru vyote viokwe ndani ya mikate midogo, watu wakagawiwa, na kila mmoja akakuta ndani ya mkate wake kilekile alichokitoa. Ukweli wa kihistoria uliothibitika ni kwamba Basili alijenga nje ya mji huo makao ya maskini na wagonjwa, kwa hiyo simulizi inalingana na mtu mwenyewe.

Mkubwa wa nyumba anachora msalaba mara tatu kwa kisu juu ya keki, kisha anakata akitaja: cha Kristo, cha Mama wa Mungu, cha nyumba, cha maskini, halafu kila mtu kwa zamu, kuanzia mkubwa hadi mtoto wa mwisho. Hata asiyekuwepo hukatiwa chake. Sarafu ikianguka kwenye kipande cha nyumba, baraka ni ya wote. Ikianguka cha maskini, inatolewa sadaka. Mwenye sarafu hapewi amri wala deni.

Mnaosali katika Kanisa la Kiorthodoksi Kenya, Uganda na Tanzania mnamjua Basili huyu tayari, kwa kuwa Januari 1 ibada inayotumika ni ile yenye jina lake. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda walipokewa chini ya Patriaki wa Aleksandria mwaka 1946, na Tanganyika ilikuwa na Wagiriki wengi walioishi kwa kulima mkonge na kahawa. Sala za siku ya keki hii zinaimbwa hata kwa Kiswahili.

Nayo ni rahisi kuliko zote. Iko ya hamira, yenye viungo vya kule Asia Ndogo, na iko ya kawaida kabisa: unga, siagi, sukari, mayai, maziwa na chungwa. Hiyo ya pili inaiva hata kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, makaa mengine yakiwa juu ya kifuniko. Andika mwaka juu yake kwa lozi. Sarafu usiioke: subiri keki ipoe, igeuze, ichomeke kwa chini ikiwa imefungwa kwenye karatasi safi ya foili, kisha igeuze tena na kuizungusha ili hata wewe usijue ilipo.

Pudini ya Krismasi ya Waingereza inadai uvumilivu. Ni zabibu, mafuta ya nyama, viungo na pombe, hupikwa kwa mvuke saa nyingi na kuwekwa wiki kadhaa. Huchanganywa Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kila mwanafamilia akikoroga kutoka mashariki kwenda magharibi kwa heshima ya Mamajusi, na sarafu ya fedha ya peni tatu au sita inatumbukizwa. Sarafu hizo zilikuwa na fedha ya asilimia 92.5 hadi 1919, nusu kuanzia 1920, na tangu 1947 hazina fedha hata kidogo. Ukiwa na shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 uliyoachiwa na babu, ujue ina fedha asilimia 25 tu na iliyobaki ni madini mengine; iache sandukuni, usiipike kwenye chakula. Kwa nyumba isiyotumia pombe au nyama fulani, pudini hii itahitaji mabadiliko mengi mno, na sioni faida ya kuichagua ilhali vasilopita ipo.

Denmark si keki, ila lazima niitaje kwa wasio na oveni wala hamu ya kuoka. Mkesha wa Krismasi wanakula wali uliopikwa kwa maziwa hadi ukalainika, ukapoa, ukachanganywa na krimu, vanila na lozi zilizokatwakatwa, na juu mchuzi wa matunda mekundu. Lozi moja tu ni nzima. Anayeipata anaificha mdomoni, kimya, huku wenzake wakiendelea kula hata walioshiba, wakiitafuta. Mwisho anaionyesha na kupewa zawadi. Watoto wanaoujua wali wa maziwa wataupokea mara moja, na kinachofichwa kinaliwa.

Ukitaka utabiri: Ireland na Bulgaria

Barmbrack ya Ireland ni mkate wa matunda makavu unaoliwa Halloween. Desturi ya zamani ilificha vitu vingi: pete kwa atakayeoa au kuolewa mwaka huo, sarafu kwa atakayetajirika, kitambaa kwa atakayefukarika, kijiti kwa atakayekuwa na ndoa ya ugomvi, njegere kwa atakayekosa mwenzi. Mikate ya dukani siku hizi huwa na pete peke yake, na nadhani wenye viwanda wamefanya vyema. Hebu fikiria dada wa miaka thelathini na tano, aliyechoshwa na maswali ya mashangazi, akiokota njegere mbele ya ukoo mzima. Au baba aliyepoteza kazi mwezi uliopita akipata kitambaa. Utabiri mbaya kwenye chakula cha sikukuu hausahauliki haraka. Ukichagua barmbrack, weka pete au sarafu, basi.

Wabulgaria wametatua tatizo hilo kwa upole mkubwa. Usiku wa Mwaka Mpya wanaoka banitsa, tabaka nyembamba za unga zenye jibini na mayai, na ndani ya kila kipande kuna karatasi ndogo ya heri au kijiti chenye chipukizi: afya, safari, mtoto, nyumba mpya, kazi. Hakuna anayekosa. Mwenye ujuzi wa kutengeneza manda za sambusa ana nusu ya kazi mkononi. Kwa meza yenye watoto wanaolia wakishindwa, au familia iliyofiwa mwaka huo, hii naiweka mbele ya zote.

Meno na koo

Chochote kisicholika ndani ya keki kinaweza kumkaba mtoto au kuvunja jino la mzee. Waokaji wengi wa New Orleans sasa huweka kichanga pembeni ya keki, nje, mnunuzi akiingize mwenyewe akitaka. Watangazie watu kabla ya kukata, sio baada. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu mpe kipande ulichokikagua kwa uma.

Au fanya kama Samuel Pepys wa London. Kwenye shajara yake ya Januari 6, 1669, anaeleza kwamba ili keki isiharibiwe, aliandika vyeo kwenye vikaratasi, akavitia kofiani, wageni wakachomoa. Keki nzima, kura ileile. Yeye mwenyewe alichomoa cheo cha malkia.

Ninavyochagua

Familia yenye vizazi vitatu mezani: vasilopita, kwa sababu ya kipande cha maskini na kwa sababu mkubwa anaanza. Marafiki wa rika moja: roscón ya Hispania. Kikundi kinachotaka kuendelea kukutana: king cake. Watoto wadogo: wali wa Denmark au vikaratasi vya Bulgaria. Galette ya Kifaransa iwe ya kununua, ukiwa ilipo.

Tarehe isikutie wasiwasi. Vasilopita hukatwa maofisini na vilabuni Ugiriki Januari yote na hata Februari, galette zinauzwa wiki nyingi baada ya Epifania, na keki ya New Orleans ina ruhusa mpaka usiku wa kuamkia Kwaresima.